Sikukosea, Mbona Nyumba Yangu Imejaa?

Yako maswali ambayo mtoto huyauliza katika mchezo, na mtu mzima akayachukua mpaka kitandani asipate usingizi. Swali moja la namna hiyo tuliulizwa hapa Mafia, chini ya mkungu ulio karibu na shule, na kijana wa kidato cha pili aliyekuwa ameshika simu mkononi. Twalileta mbele yenu leo, maana tumelifikiri siku nyingi, nasi twaona ya kuwa halimhusu kijana yule peke yake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Masomo yalikuwa yamekwisha, na jua limepunguza ukali wake. Vijana wawili, mtu na binamu yake, walikuwa wameketi juu ya mzizi wa mti wakicheza mchezo wa simu, ule wa vipande vinavyoanguka kutoka juu. Kila mmoja alikuwa na simu yake, na simu hizo mbili ziliunganishwa katika mchezo mmoja, hata tendo la huyu likamfikia yule. Walipotuona wakatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi tukaitikia, tukasimama kuwatazama.

Yule mkubwa alikuwa mwepesi wa vidole, tena mwingi wa kicheko. Mdogo alicheza kwa makini, akikigeuza kila kipande na kukilaza mahali pake, wala hatukuona pengo hata moja katika kazi yake. Lakini chini ya kazi ile nzuri zikaanza kutokea safu za kijivu ambazo hakuziweka yeye: kwanza moja, tena mbili, tena nne kwa mara moja. Zikaiinua kazi yake juu, na juu tena, mpaka ikafika mwisho wa kioo, na mchezo ukaisha. Akaiweka simu mapajani, akatuinulia macho, akasema, "Mwalimu, mimi sikukosea. Mbona nyumba yangu imejaa?"

Desturi ya walimu ni kujibu upesi. Siku ile tulikosa neno. Tukamwambia, "Umeuliza vema, mwanangu. Tupe nafasi tulifikiri." Binamu yake akacheka, akasema, "Umefungwa tu, kubali!" Nasi tukaenda zetu nyumbani, na swali likafuatana nasi njiani.

Kwa ajili ya wasomaji wasiopata kuuona mchezo huu, yafaa tueleze jinsi ulivyo. Fikirini kisima chembamba kilichosimama ndani ya kioo cha simu, upana wake vyumba 10, na kwenda juu kwake vyumba 20. Kutoka juu huanguka vipande, kimoja baada ya kimoja. Kila kipande kimefanywa kwa vyumba vinne vilivyoshikamana, na namna zake ni saba tu: kimoja kimenyoka kama ufito, kimoja ni mraba, na vingine vimepindika hivi na hivi. Mchezaji aweza kukigeuza kipande na kukisogeza kuume au kushoto wakati kinaposhuka, lakini hawezi kukirudisha kilikotoka. Safu ikijaa toka ukuta hata ukuta pasipo pengo, hutoweka, na zilizo juu yake hushuka. Safu yenye pengo hubaki, na juu yake hurundikana nyingine. Rundo likifika juu, mchezo umekwisha.

Aliyeubuni mchezo huu ni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa mji wa Moscow, katika mwaka 1984. Mashine aliyoitumia, iitwayo Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, basi akaviunda vipande vyake kwa alama za mabano zilizoandikwa bega kwa bega. Akauita mchezo wake Tetris, kwa kuliunga neno la Kiyunani lenye maana ya nne pamoja na jina la tenisi, mchezo alioupenda. Mwanzoni mtu alicheza peke yake, akipambana na vipande tu. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikautoa katika mashine yake ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy, na watu wawili wakaweza kuziunga mashine zao kwa waya wakashindana.

Hapo ndipo tunapoikuta sheria ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Ukijaza safu mbili kwa pigo moja, mwenzako hupelekewa safu moja ya takataka, nayo humjia kutoka chini. Ukijaza tatu, hupelekewa mbili. Ukijaza nne, zote nne humwendea. Wewe umefagia nyumba yako, nayo inang'aa. Lakini uchafu haukupotea, umeingia kwa jirani. Basi yule kijana alisema kweli. Hakukosea kitu. Nyumba yake ilijaa kwa sababu binamu yake alifanya vizuri.

Neno hili, wasomaji, ni gumu kuliko linavyosikika. Maana sisi sote tumezoea kudhani ya kwamba aliyeanguka alijikwaa, na mwenye njaa alikuwa mvivu, na aliyebaki nyuma hakupiga hatua. Mara nyingi ni kweli. Lakini kioo kile kidogo kilituonyesha waziwazi mtu aliyepanga vema, asijikwae, akaanguka. Basi tukajiuliza: Je, ni haki mema yangu yawe mzigo wa mwenzangu? Na kama si haki, kosa ni la nani? La mtoto aliyecheza kwa ustadi? Hilo haliwezekani, maana ustadi si dhambi.

Tukauchunguza mchezo zaidi, tukaona jambo lililotusaidia. Mchezo huu hauna namna moja ya kuchezwa, unazo nyingi. Namna ya kwanza ni ya mtu peke yake, naye hucheza mpaka nguvu zimwishie. Mwezi wa Desemba 2023 kijana wa Marekani, Willis Gibson, mwenye umri wa miaka 13, aliucheza mchezo wa zamani wa mwaka 1989 mpaka mashine yenyewe ikakwama isiweze kuendelea, naye alikuwa binadamu wa kwanza kuufikisha hapo. Ushindi wake haukumwelemea mtu yeyote.

Namna ya pili ni mbio: kila mtu huwekewa safu 40 azijaze, na aliye mwepesi ndiye mshindi. Hapa wako wawili, naam, na mmoja atatangulia, lakini hakuna atakayeweka kitu katika njia ya mwenziwe. Namna ya tatu ni vita, ile tuliyoiona chini ya mkungu. Mwaka 2014 ulitoka Japani mchezo mmoja uliounganisha Tetris na mchezo mwingine wa huko uitwao Puyo Puyo, hata mtu akaweza kucheza huu na mpinzani wake akacheza ule, kila mmoja kwa sheria za nyumbani kwake, na bado wakarushiana takataka. Na mwaka 2019 ukatoka mwingine unaokutanisha watu 99 kwa mara moja, kila mmoja akiwatupia wenziwe ambao hawajui hata sura zao, mpaka abaki mmoja.

Namna ya nne ilitustaajabisha. Mwaka 2020 ulitolewa mchezo wa jamii hiyo hiyo, ambao ndani yake watu watatu hupambana na adui mmoja ambaye ni mashine. Saa ifikapo, visima vyao vitatu huunganishwa kuwa kimoja kipana, nao hupeana zamu kuweka vipande, na safu yangu haijai pasipo kipande chako.

Sasa angalieni. Katika namna zote nne vipande ni vile vile saba. Vidole ni vile vile, na tendo ni lile lile la kujaza safu. Lakini katika namna ya kwanza tendo hilo ni nafasi niliyojipatia. Katika ya pili ni hatua niliyopiga. Katika ya tatu ni takataka mlangoni pa jirani. Na katika ya nne ni msaada kwa ndugu. Mkono wa mchezaji haukubadilika. Kilichobadilika ni mapatano yaliyowekwa kabla kipande cha kwanza hakijaanguka. Nasi tukasema, basi mtu akitaka kujua kama tendo lake ni jema, haitoshi aulize, "Je, nimelifanya vizuri?" Hapana budi aulize tena, "Tunacheza namna gani, na ni nani aliyeichagua?"

Hayo tuliyawaza kwa raha, kama mtu awazavyo mambo ya wengine. Hata mwisho wa muhula ukafika, nayo yakatugeukia sisi wenyewe.

Yule kijana mdogo hakuwa hodari sana darasani. Muhula uliotangulia wastani wake ulikuwa 48, akawa wa 19. Muhula huu alijitahidi sana; tulimwona akibaki shuleni na kitabu wakati wenzake wamekwenda kucheza mpira. Akapata 61. Lakini darasa zima lilikuwa limejitahidi, na wengine walijitahidi kupita yeye, basi akawa wa 23. Siku ya kuwasomea wazazi matokeo, baba yake, ambaye ni mvuvi, alikuja na nguo zake za pwani, ana haraka kwa ajili ya maji. Nasi tukamwambia kwa neno moja, kama tulivyozoea kuwaambia wote: "Mtoto wako alikuwa wa 19, sasa ameshuka, ni wa 23." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Muhula mpya ulipoanza, kiti cha kijana kilikuwa kitupu. Siku ya kwanza tulidhani ni mgonjwa. Siku ya nne tukamwuliza binamu yake, naye akasema, pasipo kicheko mara hii, "Yuko pwani, Mwalimu. Anavuta nyavu na baba. Baba amesema fedha za daftari zinapotea bure, kwa kuwa kila akisoma anarudi nyuma."

Wasomaji, maneno ya chini ya mkungu yakatujia: Mimi sikukosea, mbona nyumba yangu imejaa? Mtoto alikuwa amepanga vipande vyake vizuri kuliko zamani. Alikuwa amepanda alama 13. Lakini sisi tulichagua kumpima kwa namna ya vita, ambayo kila hatua ya wenziwe humshusha yeye. Tena tulimficha baba yake kwamba tumechagua hivyo. Hatukusema uongo hata neno moja. Tulisema nusu, na nusu ile ikamtoa mtoto darasani.

Jioni ile tukaenda kwao, tukapiga hodi. Baba akatukaribisha, akatandika mkeka. Tukamweleza habari ya 48 na 61. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mbona hukuniambia, Mwalimu? Mimi sikusoma. Nilihesabu namba uliyonipa." Neno hilo lilituuma, maana lilikuwa haki. Tukamwomba radhi mbele ya mwanawe, naye mtoto akarudi shuleni wiki ile ile.

Labda mtasema, hayo ni ya shule tu. Siyo. Mtazameni mtu atupaye baruti baharini. Yeye hurudi na dau limejaa, na majirani humsifu kwamba ni hodari. Lakini baruti huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao, na mwenzake mwenye mshipi, aliyeamka alfajiri na kutega kwa subira, hukuta mwamba mtupu. Huyu wa mshipi amekosea nini? Katika mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, na mojawapo ya makusudi yake ni kuizuia baruti. Watu wengine waliichukia kwa masharti yake, na manung'uniko mengine yalikuwa na sababu. Lakini twaona ya kuwa sharti la namna hii, likiwekwa kwa haki, ni badiliko la mapatano tu: mtu aruhusiwe kujaza dau lake, asiruhusiwe kulijaza kwa kuutupu mwamba wa mwenziwe.

Tulipokuwa tukiyasimulia haya barazani, mzee mmoja jirani yetu, fundi wa bao, alitupinga. Alianza kwa kucheka. "Nyumba ikijaa kwenye bao ndiyo raha yenyewe," akasema, maana wachezaji wa bao wajua kwamba lile shimo liitwalo nyumba likiwa na kete nyingi ni hazina ya mtu. Kisha akasema kwa ukali kidogo, "Mwalimu, mwataka kuwalea watoto wasiofungwa? Bao bila kufungwa si bao. Mimi nimefungwa miaka mitatu mfululizo na marehemu kaka yangu, ndipo nikajua kucheza. Mkiwaondolea kushindana, mtawaondolea akili."

Maneno ya mzee si ya kutupwa. Sisi pia twajua ya kuwa chuma hakinoi pasipo jiwe. Basi tukaufikiri mchezo wa bao kwa makini. Ubao una safu nne za mashimo manane, na kete zote ni 64. Katika bao la kiswahili kila mtu huanza na kete 22 mkononi za kunamua, na zikiisha huingia mtajini. Katika bao la kujifunza kete hugawanywa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo. Kwa vyovyote, mtu hula kete za mwenziwe na kuzipanda upande wake. Huu nao ni vita, wala hatuwezi kuuita kwa jina lingine. Mbona basi wazee hutoka baraza moja wamefungana, na jioni wakala sahani moja?

Twadhani sababu ni tatu. Kwanza, wote wawili wameketi mbele ya ubao mmoja kwa hiari yao, na kila mmoja ajua tangu mwanzo ya kuwa mwenziwe amekuja kumla. Pili, aliyeliwa auona mkono uliomla, na shimo lililoliwa, na kosa lake mwenyewe kama lipo, aweza kujifunza. Tatu, mchezo ukiisha hakuna kete iliyopotea. Zote 64 zi pale pale, nazo hugawanywa upya, na aliyefungwa huanza sawa na aliyefunga.

Mkiyashika mambo hayo matatu mtaweza kuyapima mashindano yote. Mtoto wa kidato cha pili hakuketi kwa hiari yake mbele ya ubao wa namba, tulimwekea. Mkono uliomshusha hakuuona. Na kama baba yake angemtoa shuleni moja kwa moja, kete zake zisingegawanywa upya kamwe. Kadhalika na mvuvi wa mshipi: hakupatana na mtu wa baruti, wala hakumwona usiku ule, na mwamba uliovunjika haurudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Basi twamjibu mzee kwa heshima: hatutaki kuwaondolea watoto kushindana. Twataka wajue wameingia mchezo gani, wamwone anayewashinda, na kesho waanze tena.

Liko jambo jingine ambalo hatupaswi kulinyamazia. Mchezaji hodari wa vipande huweza kuigeuza takataka aliyoletewa. Kila safu ya takataka ina pengo moja, na mtu akilifikia pengo lile kwa kipande kinyofu, huzijaza safu kadhaa kwa pigo moja na kumrudishia adui mzigo ule ule. Yule kijana mdogo alikuja kujifunza jambo hili, na siku moja tukamsikia akimwambia binamu yake, "Leo nitakurudishia zote." Wengi husema hiyo ndiyo haki.

Sisi watu wa Mafia tunayo hadithi ya kale ya kutuonya juu ya haki ya namna hiyo. Wazee husimulia ya kuwa zamani iliko miji miwili, Kisimani upande wa magharibi wa kisiwa, na Kua katika kisiwa cha Juani. Watu wa Kisimani walijenga chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua kuja katika karamu ya kukishua. Wakati wa furaha wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, wakakipitisha chombo juu ya miili yao mpaka majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka, hata uchungu ulipoonekana umesahauliwa, wakawaalika watu wa Kisimani arusini. Wageni wakaketishwa katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja kimya kimya, akabaki mzee mmoja wa kuwazungumza. Na mlango ukazibwa kwa mawe, yeye na wageni wakafia humo.

Hatuwezi kusema kila neno la hadithi hii lilitokea hivyo. Lakini wasimulizi hawajaiacha, maana yabeba jambo la kweli. Kila mji ulihesabu sawasawa. Kila mji ulirudisha mzigo ulioletewa, pengine na ziada. Leo mtu akienda Juani huona magofu ya Kua, kuta za mawe zimeshikwa na mizizi ya miti, na Kisimani sehemu kubwa imeliwa na bahari. Kua haikuangushwa na Kisimani. Iliharibiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Bukini. Lakini twajiuliza, je, siku ile ya hatari, ingekuwaje kama miji miwili ya kisiwa kimoja ingalikuwa imefundishana kusaidiana badala ya kulipizana?

Tena tazameni jinsi hadithi ilivyochagua kazi ya kushua chombo. Hakuna kazi pwani yetu iliyo ya wote kama hiyo. Jahazi likimalizika kujengwa, kama yajengwavyo Jibondo mpaka leo, fundi hawezi kulifikisha majini peke yake, wala mwenye mali hawezi. Huitwa watu wa mji, wakashika kamba na ubavu wa chombo, mmoja akaongoza wimbo, wakavuta pamoja. Nguvu yangu haimwelemei aliye mbele yangu, humpunguzia. Hiyo ndiyo namna ya nne ya mchezo, nasi tulikuwa nayo kabla ya kompyuta yoyote. Uovu wa Kisimani, kama wasimuliavyo wazee, ni huu: waliichukua kazi iliyo ya kusaidiana kuliko zote, wakaifanya mzigo juu ya watoto wa jirani. Hawakubadili chombo wala kamba wala wimbo. Walibadili mapatano.

Basi tulimjibuje kijana yule? Tulimwita siku moja, pamoja na binamu yake, tukawaambia hivi: "Uliuliza kwa nini nyumba yako ilijaa nawe hukukosea. Jibu ni kwamba mlikubaliana kucheza namna ambayo uzuri wa mmoja ni uchafu wa mwenziwe. Katika mchezo si vibaya, maana mwaweza kuacha na kuanza tena, na ninyi ni ndugu. Lakini mtakapokuwa watu wazima, mkiona nyumba zenu zimekuwa safi ghafula, ulizeni takataka zimekwenda wapi. Na mkiona mtu amelemewa, msiseme upesi kwamba alikosea." Yule mkubwa akatazama chini. Kisha akauliza, "Na ile ya watu watatu, Mwalimu, inapatikana kwenye simu hii?" Tukacheka sote, maana hatukujua.

Kwa upande wetu tumefanya jambo dogo. Katika karatasi ya matokeo tumeanza kuandika alama za mtoto za muhula huu kando ya alama zake za muhula uliopita, nazo ndizo tunazozisoma kwanza mbele ya mzazi. Nafasi yake katika darasa huja baadaye, kwa anayetaka kuijua. Si sisi peke yetu tuliofikiri hivyo: mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora katika matokeo yake. Twakiri ya kuwa jambo hili halimalizi taabu. Nafasi za masomo ya juu bado ni chache kuliko vijana wanaozitaka, na mmoja akiingia, mwingine hubaki nje hata kama alipanga vema vipande vyake vyote. Hilo hatuwezi kulificha, wala karatasi yetu haiwezi kuliondoa.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo twawaomba ninyi wazazi. Mwalimu akiwasomea namba moja tu, msiondoke kama alivyoondoka yule mvuvi, ingawa maji yanawahimiza. Mwulizeni, "Na mara iliyopita alipata ngapi?" Sisi tuliofundishwa tangu utoto kumpenda jirani tusiridhike kwa kuwa hatukumtupia kitu kwa mkono wetu. Yule binamu naye hakumtupia mwenziwe kitu kwa mkono. Alijaza safu zake tu, akacheka.

Kijana yule sasa yu kidato cha tatu. Hajawa wa kwanza. Muhula uliopita alipata 66, nasi tulimsomea baba yake namba hiyo kwanza, akaomba kalamu, akataka mwanawe amwandikie katika kipande cha karatasi, akakitia mfukoni akaenda nacho pwani.